The Intruder (1962): mchochezi kaja na suti nyeupe, kazi iliyobaki mji ukaimaliza wenyewe

Ukimtaja Roger Corman kwa watu wanaofuatilia muvi za zamani, cha kwanza watakutajia ni mambo ya bei rahisi: mazimwi ya mpira, mmea unaokula watu, ile The Little Shop of Horrors ambayo sehemu kubwa aliirekodi ndani ya siku mbili na usiku mmoja alafu hela ikarudi. Jamaa alikuwa na jicho la biashara kuliko wengi pale Hollywood. Sasa ipo moja ambayo haikurudisha hela, na mwenyewe amekuja kuisema mara nyingi mpaka uzeeni (kafariki 2024 akiwa na miaka 98), kwamba hiyo ndo ya kwanza kumtia hasara na wakati huo huo ni kati ya zile alizojivunia. Inaitwa The Intruder, ni ya mwaka 1962, nyeusi na nyeupe, haifiki hata saa moja na nusu, na humo ndani mhusika mkuu ni William Shatner, yule yule ambaye baadaye dunia nzima ilimjua kama Kapteni Kirk wa Star Trek, ila hapa bado kijana na hana jina.

Bajeti inatajwa kuwa karibu dola 80,000. Kwa Hollywood ya wakati ule hiyo ni hela ya chai. Corman na mdogo wake Gene walizunguka na skripti wakagongewa milango, hata kampuni ambazo zilikuwa zimetajirika kupitia yeye zilikataa, manake stori yenyewe ilikuwa juu ya kuchanganya wanafunzi weusi na weupe kwenye shule moja huko Kusini mwa Marekani, na kila mtu alijua kumbi za Kusini hazitaonyesha kitu kama hicho. Basi wale ndugu wakaingia mfukoni mwao. Skripti iliandikwa na Charles Beaumont kutoka kwenye riwaya yake mwenyewe, huyu ni mmoja wa waandishi wakubwa wa The Twilight Zone, ile tamthilia ya TV ya mambo ya ajabu, na kwa vile hela hamna ikabidi yeye mwenyewe aigize mwalimu mkuu, na waandishi wenzake kina William F. Nolan na George Clayton Johnson wakapewa nafasi za wahuni. Ukiwatazama huwezi kujua kwamba hawa ni watu wa kukaa mezani na taipureta, wanatisha kweli.

Stori inaanza kimya kimya. Basi linaingia kwenye mji mdogo unaoitwa Caxton, anashuka kijana mtanashati, suti nyeupe, tabasamu la kukopesha. Anaitwa Adam Cramer, anasema katumwa na taasisi fulani ya Washington. Anachukua chumba hotelini na anaanza kuongea na watu, mmoja mmoja, kwa adabu kabisa. Wiki hiyo wanafunzi kumi weusi wanatakiwa kuanza sekondari ya weupe kwa amri ya mahakama. Na hapa ndo skripti ya Beaumont inapoonyesha akili: hao watu anaokutana nao mwanzoni sio majambazi. Wote wanasema jambo moja kwa namna tofauti, kwamba hawalipendi suala hilo, hawalitaki, ila ndo sheria, watafanyaje sasa. Cramer hahitaji kumfundisha mtu yeyote chuki, chuki kaikuta imekaa sebuleni inakunywa chai. Anachofanya ni kuwaambia kwamba hiyo sheria si yao, imeletwa na watu wa mbali, na wakiamua wanaweza kuikataa. Anawapa ruhusa, basi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, sasa huyu mgeni kaja na mwenyeji akapona aibu.

Cramer hakuzuka kichwani mwa Beaumont. Kuna mtu wa kweli nyuma yake, John Kasper, mzaliwa wa New Jersey, msomi wa Columbia, mfuasi wa yule mshairi Ezra Pound, alikuwa na duka la vitabu New York. Agosti 1956 alitua Clinton, mji wa watu kama 4,000 jimbo la Tennessee, siku chache kabla wanafunzi 12 weusi hawajaanza Clinton High. Kumbuka hii ni mwaka mzima kabla ya Little Rock, Arkansas, lile sakata jingine la wanafunzi weusi kuingia shule ya weupe, ambalo ndo kila mtu analijua. Mahakama Kuu ya Marekani ilishasema tangu Mei 1954 kwamba kutenganisha shule kwa rangi ni kinyume cha katiba, ila kesi ya Clinton ilikuwa na historia yake, ilifunguliwa tangu 1950 na familia zilizochoka kuona watoto wao wanapandishwa basi kila siku mpaka Knoxville, kama kilomita 30, wakati shule ipo hapo chini ya kilima. Januari 1956 jaji akaamuru mlango ufunguliwe. Siku ya kwanza ya masomo, tarehe 27 Agosti, ilipita bila balaa kubwa. Alafu Kasper akaanza kuhutubia, na ndani ya wiki moja gavana alikuwa keshatuma jeshi la akiba na vifaru kulinda mji mdogo kama ule.

Corman hakwenda kurekodi Tennessee. Kiangazi cha 1961 alichagua kona ya kusini mashariki ya Missouri, miji ya Sikeston, Charleston na East Prairie, kwa hesabu ya kijanja: lafudhi ya watu na sura ya mji ni za Kusini kabisa, ila kisheria bado upo Missouri, kwaiyo mambo yakiharibika unakuwa na pa kukimbilia kidogo. Waigizaji aliowatoa Hollywood ni wachache, wengine wote ni wenyeji. Na wenyeji hawakupewa skripti kamili. Waliona kurasa zilizopunguzwa makali, wakajua ni muvi fulani hivi ya mgeni anayekuja kuleta shida mjini.

Sasa tuongelee hotuba, maana kwangu muvi nzima imesimama pale. Usiku, ngazi za mahakama, umati umejaa. Cramer anapanda na ile suti nyeupe, kamera inamtazama kutoka chini, na anaanza taratibu kama mchungaji, hapandishi sauti, anawauliza maswali, anawachekesha kidogo, alafu anaanza kuwapa majina ya adui: NAACP (chama cha kutetea haki za watu weusi), wakomunisti, Wayahudi, jaji wa mbali. Kila akishusha jina moja anasubiri. Shatner amesemwa sana kwa kuigiza kupita kiasi, ni kweli, ila hapa hiyo tabia yake inaingia pahali pake, kwa sababu Cramer mwenyewe ni mwigizaji, unamwona anavyosikiliza umati ili ajue mstari gani umeingia na upi umekwama. Na katikati ya hotuba kamera inamwacha yeye inaenda kwa watu. Wazee wa shamba, ngozi imechomwa na jua, wengine midomo wazi, kuna anayetikisa kichwa taratibu kabisa kama mtu anayesikiliza mahubiri Jumapili. Hao sio waigizaji. Hao ni watu wa Missouri wa mwaka 1961, na wanaposhangilia hakuna mtu aliyewafundisha namna ya kushangilia.

Kwenye kurekodi Shatner alikuwa amekaukiwa sauti, na Corman kwa upande wake alikuwa anaogopa maneno yenyewe yataufanya nini umati mkubwa vile usiku ule. Kwaiyo walirekodi kwanza picha za umati, jamaa akiwa anaashiria tu na kutamka vitu visivyo na sumu, watu wakiitikia kwa ishara. Usiku ulipokwenda na umati mwingi umeshachoka umerudi nyumbani, ndo akaitoa hotuba yenyewe kwa sauti iliyobaki mbele ya watu wachache. Ukiitazama huku unajua hilo utaona kitu cha ajabu, kwamba ule umati unashangilia mtu ambaye hawasikii anachosema vizuri. Sijui kama Corman alikusudia ila hakuna ufafanuzi wa uchochezi mzuri kuliko huo.

Baada ya hotuba gari la familia ya watu weusi linapita pale, na umati unaligeukia. Cramer anabaki kwenye ngazi anatazama, usoni ana furaha lakini na kitu kingine, kama mtoto aliyewasha kitu na hajui kinazimwaje. Kuanzia hapo mambo yanaenda mbio. Tajiri wa mji, Verne Shipman, anamkumbatia. Msafara wa Ku Klux Klan, lile kundi la siri la wabaguzi weupe, unapita mtaa wa watu weusi, msalaba unachomwa, kanisa linalipuliwa kwa baruti na mchungaji anakufa. Kile kipande cha msafara Corman alikiacha usiku wa mwisho kabisa, kwa sababu ilibidi kipitishwe kwenye mtaa wenyewe, na walivyomaliza walipakia vitu wakaondoka mjini usiku ule ule hawakusubiri kukuche.

Kuna mhariri wa gazeti, Tom McDaniel, kaigizwa na Frank Maxwell. Naye mwanzoni ni wale wale wa "siipendi ila ni sheria". Kinachomgeuza sio hotuba ya mtu wala usomi, ni kuona. Anaona kanisa, anaona kilichofanyika, na siku moja anaamua kuwasindikiza wanafunzi kwa miguu mpaka shuleni. Wananchi wenye hasira kali wanamvamia, anapoteza jicho. Hicho kipande kimechotwa karibu moja kwa moja Clinton, isipokuwa pale aliyetembea alikuwa mchungaji mweupe, Paul Turner wa First Baptist, tarehe 4 Desemba 1956. Aliwafikisha watoto salama, alivyogeuka kurudi wakampiga mpaka damu. Siku hiyo hiyo mji ulikuwa na uchaguzi, na wagombea wa upande wa wabaguzi wakaangushwa vibaya. Binafsi nashangaa kwanini Beaumont aliliacha hilo la uchaguzi, nadhani lingeonekana ni la kutunga.

Mhusika ninayempenda kuliko wote ni Sam Griffin, kaigizwa na Leo Gordon, jitu la miraba minne ambalo siku zote lilipewa kuigiza ubaya. Hapa ni mchuuzi anayezunguka na biashara zake, yupo chumba cha jirani hotelini na mke wake Vi, na Cramer anamchukua yule mama wakati mume kasafiri. Ungetegemea ngumi. Badala yake Sam anakaa naye anamsoma, na anamsoma vizuri kwa sababu wote wawili kazi yao ni moja, kama wale wauza dawa wa stendi wenye spika, wanajua umati unanunuliwaje. Tofauti ni kwamba Sam anajua pia umati ukishanunua huwezi kuurudisha, na anamwambia wazi kwamba hawa watu hawatakuwa mikononi mwake muda mrefu. Ni kipande cha watu wawili tu chumbani, hakina gharama yoyote, na kimeandikwa vizuri kuliko muvi nyingi za mamilioni.

Mwisho wake sasa. Cramer anaona moto unapungua, anamwendea Ella, binti wa mhariri, anamtisha kwamba baba yake atauawa kama hatafanya anachoambiwa, na anachoambiwa ni kumsingizia Joey Greene, mmoja wa wale wanafunzi kumi, kwamba kataka kumbaka. Ukijua historia ya Marekani unajua uongo wa namna hiyo umeua watu wangapi. Umati unaizingira shule, Joey anatolewa nje, anakalishwa kwenye bembea ya watoto na Shipman anaanza kumpiga. Bembea. Chombo cha kuchezea ndo kinageuzwa kiti cha hukumu, kila akipigwa anarudi mwenyewe kwa anayempiga, sijawahi kuona kipande kinachoudhi namna ile kwa vifaa vidogo namna ile. Hiyo bembea nayo waliirekodi kwa vipande vipande sehemu tofauti: shule ya kwanza walifukuzwa, wakahamia kwenye bembea nyingine ya mji wakafukuzwa tena, wakamalizia kwenye shule ya kijijini iliyokuwa imefungwa likizo. Ukitazama kwa makini mandhari ya nyuma hayaoani sana. Utajua sababu.

Alafu Sam Griffin anatokea na Ella, binti anakiri mbele ya watu kwamba alidanganya, umati unaishiwa nguvu, unatawanyika mmoja mmoja, Cramer anabaki peke yake anapiga kelele kwa watu walioshampa mgongo. Sam anamwonyesha njia ya stendi.

Kiuchezaji ni pazuri. Kama uchambuzi wa kilichotokea Clinton, hapo ndo nagombana nayo. Muvi inatuambia kwamba mji ulidanganywa, uongo ukifichuka mji unarudiwa na fahamu. Lakini ile saa moja iliyotangulia imetuonyesha kinyume! Imetuonyesha watu waliokuwa wanajua wanachotaka. Yule aliyeweka baruti kanisani hakuhitaji Ella adanganye. Na Clinton yenyewe inamkatalia Beaumont: Kasper alikamatwa, akahukumiwa mwaka mmoja na mahakama ya shirikisho kwa kudharau amri yake, na kwenye mahakama ya jimbo Novemba 1956 jopo la raia wa pale pale waliokaa kuamua kesi likamwachia huru kwenye mashtaka ya uchochezi. Mapema 1957 magazeti yakafichua kwamba huyu mtetezi wa damu nyeupe kule New York alikuwa anajichanganya na watu weusi, ana marafiki, anacheza nao dansi. Wafuasi wengi wakamtupa. Yaani Kasper alifichuliwa kuliko Cramer. Na bado tarehe 5 Oktoba 1958, Jumapili alfajiri, Clinton High ikalipuliwa kwa baruti, jengo likawa kifusi, hakuna aliyeumia kwa sababu ya saa yenyewe, na hakuna aliyewahi kutiwa hatiani. Mchochezi alishaondoka, baruti ikabaki.

Na riwaya ilitoka 1959, muvi ikarekodiwa 1961, kwaiyo hilo la shule kulipuliwa lilikuwa linajulikana kabisa.

Kwanini basi imesahaulika? Sehemu ni biashara. Kwa kuwa ilikuwa na lile neno la tusi kwa watu weusi, na linasemwa kama lilivyosemwa mitaani, bodi ya maadili ya Hollywood ikaisumbua kuhusu muhuri wake. Msambazaji akayumba, Corman akaisukuma mwenyewe kupitia kikampuni chake. Ilipelekwa tamasha la Venice, wakosoaji wengine wakaisifu sana, kumbi zikaikataa. Baadaye ikabadilishwa majina kama mtu anayekimbia madeni, mara Shame, mara I Hate Your Guts!, Uingereza ikaitwa The Stranger. Jina kama I Hate Your Guts! linamleta mtu aliyetaka muvi ya ngumi, na mtu wa ngumi akikutana na ile hotuba anadai hela yake. Corman mwenyewe akatoa funzo lake, kwamba alikuwa anahubiri mno, toka siku hiyo ujumbe akawa anauficha chini ya stori ya kutisha. Mimi sikubaliani naye, sehemu zinazohubiri ndani ya The Intruder ni chache na zote ni za mhariri mezani kwake.

Kosa kubwa zaidi kwangu ni wale kumi. Kuna kipande asubuhi ya kwanza, wanafunzi wanatoka mtaani kwao wanashuka kwa miguu kwenda shule, wamevaa vizuri, mama zao wanawaangalia, kimya. Ni kipande kizuri ajabu. Joey kaigizwa na Charles Barnes, kijana wa pale pale Missouri, na ule ugumu wake wa kutokuwa mwigizaji wa kazi unamfaa. Ila baada ya hapo hatuingii tena darasani na wale watoto. Hatujui nani kakaa peke yake, nani kamwagiwa wino kwenye madaftari, nani anakula wapi saa ya chakula. Kila jambo kubwa linaamuliwa na weupe, mweupe anachochea, mweupe anadanganya, mweupe anaokoa, na Joey kazi yake ni kuvumilia. Na sisemi hivi kwa macho ya leo tu. Mwaka ule ule 1962 Tanganyika ilikuwa inaanza rasmi mfumo wa shule moja kwa watoto wote baada ya miaka na miaka ya shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, kulikuwa na watu kibao duniani ambao wangetaka kujua mtoto mwenyewe anajisikiaje anapoingia ule mlango.

Wale 12 wa Clinton wana majibu. Bobby Cain alikuwa mwaka wa mwisho, hakutaka hata kuhama Knoxville alikokuwa anasoma na rafiki zake, akaenda, akavumilia mwaka mzima, na Mei 1957 akawa mwanaume wa kwanza mweusi kuhitimu sekondari ya serikali iliyochanganywa huko Kusini. Usiku ule wa mahafali, kwa maelezo yake, taa zilizimwa wakati anarudisha joho na mtu akampiga gizani. Gail Ann Epps akahitimu mwaka uliofuata. Ni hao wawili tu kati ya 12 waliomaliza pale. Familia ya Jo Ann Allen ilihamia California kabla hata mwaka wa kwanza haujaisha. Wengine wakasambaa.

Kama utaitafuta muvi hii, itazame kwa ajili ya ngazi za mahakama, bembea na Sam Griffin, na dakika kumi za mwisho zichukue kama kitu ambacho mwandishi alitamani kitokee. Ukitaka kujua darasani kulikuwaje itabidi uwasikilize Bobby Cain na wenzake, wameongea kwenye mahojiano mengi, na shule yao ya zamani ya msingi kule mlimani, Green McAdoo, sa hivi ni makumbusho yenye sanamu zao wote 12 mlangoni, wamesimama kama wanaanza kushuka.